Kuonyesha sanamu za Kichina Arusha bila kuwa na sanamu hata moja

Mpwa wangu alisomea uhandisi Hangzhou, China, na aliporudi hakuniletea simu wala viatu. Aliniletea kitabu kinene cha maonyesho ya sanamu, maandishi yote ya Kichina. "Mjomba, humu ndani kuna watu wanafanya kazi yako," akasema. Nilikipandisha juu ya kabati, kikakaa huko msimu mzima wa mvua. Siku nilipokishusha, gogo la mpingo nililokuwa nimelianza asubuhi halikuguswa tena hadi jioni. Nilikuwa namwangalia askari mmoja wa shaba, kainama mbele, bunduki mkononi, miguuni ndara za majani.

Mimi ni mchongaji. Nimezaliwa Newala, nikaja Arusha nikiwa kijana, na mpingo ndio ulionisomeshea watoto. Kuhusu China nilijua TAZARA na tochi za betri, basi. Ila tangu kitabu kile nimeandaa mara mbili maonyesho ya Liu Kaiqu, aliyemfinyanga yule askari, na wachongaji wa rika lake, mara zote kwenye ukumbi wa shule ya sekondari hapa mjini. Mara ya kwanza niliboronga. Mara ya pili watu walikuja siku tatu mfululizo, hadi mama anayeuza vitumbua getini alifunga deli lake akaingia kuangalia. Walimu wawili wa shule nyingine wameniomba niwaelekeze, mmoja yuko Moshi na mwingine Karatu. Nimechoka kueleza kwa simu, kwa hiyo naandika.

Chagua wachache, tena wenye kisa kimoja

Kosa langu la kwanza lilikuwa uroho. Kitabu kina wachongaji zaidi ya ishirini, nikataka wote waonekane. Nilibandika picha sitini na kitu kwenye kuta zote nne. Mwanafunzi wa kidato cha pili akazunguka ukumbi mzima kwa dakika tano hivi, akaja kwangu: "Shikamoo fundi. Hawa akina Wang ni ndugu?" Nilijua hapo hapo kwamba nimewachosha watu bure.

Mara ya pili nilichukua watano tu, wote waliopita Ufaransa. Liu Kaiqu (1904–1993) alikwenda mwaka 1928, akasoma Paris chini ya mchongaji Jean Boucher, akarudi 1933 kufundisha Hangzhou. Hua Tianyou (1902–1986) alikaa Paris hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Wang Linyi (1908–1997) alianzia Lyon kabla ya kwenda Paris. Zeng Zhushao (1908–2012) naye alisoma Paris, na ukihesabu miaka yake utaona alivuka mia. Wa tano ni mwanamke, Pan Yuliang (1895–1977). Anajulikana zaidi kwa uchoraji wa rangi, lakini alifinyanga pia, na kichwa alichomfinyanga mchoraji Zhang Daqian mwenye ndevu ndefu ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya.

Kisa ni hiki: wanne wa kwanza walirudi kwao, na katika miaka ya 1950 wakajikuta kwenye kazi moja, Mnara wa Mashujaa wa Umma katikati ya Beijing. Wa tano alirudi Paris mwaka 1937, na hakuiona tena nchi yake hadi kufa. Wanne ukuta mmoja, mmoja peke yake ukuta wa pili. Mtu akiingia haambiwi kitu, anaona mwenyewe kuna aliyetengwa, na anauliza kwa nini. Swali hilo linamfanya akae dakika ishirini badala ya tano.

Majina yatakusumbua. Kichina hutanguliza jina la ukoo: Liu ndio ukoo, Kaiqu ndilo lake. Ukiandika "Bwana Kaiqu" ni sawa na kumwita babu yako jina lake la utotoni mbele za watu. Herufi q yao isome kama "ch", kwa hiyo ni Liu Kaichu. Zh ni kama "j" yetu, kwa hiyo Zhushao ni Jushao. Bandika karatasi moja ya matamshi mlangoni, watoto wataisoma kwa sauti wakicheka. Waache wacheke, ndivyo majina yanavyokaa kichwani.

Picha: mbele, ubavu na mgongo

Anayechora hukupa upande mmoja tu. Sisi wachongaji hatuna upande wa kuficha uvivu. Ukitaka kujua kama mtu alichonga kwa moyo, zunguka nyuma. Mimi mteja akija kibandani na kuishika kazi kwa mbele peke yake, najua atanunua ya bei rahisi. Akiigeuza na kuangalia kisogo, natafuta stuli akae.

Kwa hiyo ukionyesha sanamu kwa picha, kila kazi ipate angalau picha mbili, na ikiwezekana tatu. Yule askari wa kitabuni, wa mji wa Chengdu, ambaye Liu alimsimamisha mwaka 1944 kuwakumbuka askari wa mkoa wa Sichuan waliokufa wakipigana na Wajapani, ukimwona kwa mbele ni kijana anayekwenda vitani. Ukimwona kwa nyuma ni mtu aliyehama nyumba: kofia pana ya majani, furushi, upanga mpana, vyote vimening'inia mgongoni. Bila picha ya nyuma, nusu ya huyo mtu haipo. Na ueleze kwenye maandishi kwamba aliyesimama leo Chengdu ni wa pili, yule wa kwanza alibomolewa.

Huyo wa Chengdu nimemweka jirani na picha ya Askari wa pale Posta, Dar es Salaam, wa shaba vilevile, aliyesimamishwa 1927 na kutengenezwa Uingereza. Wote wawili hawana majina. Sikuandika zaidi ya hapo. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi alisimama kati yao muda mrefu, kisha akaniuliza kama zile ndara za majani zinadumu kuliko katambuga. Nikamwambia sidhani, tairi ni tairi.

Kuhusu uchapaji, simamia mwenyewe. Mara ya kwanza nilituma picha kwa simu kwenye stesheneri moja mjini, kijana akazivuta zijae karatasi, na Liu Kaiqu wangu akatoka na askari mfupi mnene kama mlinzi aliyezoea chipsi. Mwambie mchapaji waziwazi: usivute, bakiza nyeupe pembeni. Pili, kataa karatasi inayong'aa. Inapendeza dukani, lakini ukumbini inarudisha mwanga wa dirisha na mtazamaji anajiona sura yake badala ya sanamu. Karatasi isiyong'aa, nzito kidogo, ukubwa wa A2 kwa sanamu nzima na A3 kwa sehemu: mkono, kisigino, ukosi wa shati. Nilichapa picha kumi na nne tu, na gharama yote ya maonyesho, pamoja na mbao, uzi na nauli ya bajaji, ilifika shilingi laki moja na themanini. Nusu yake ilikwenda kwa mchapaji.

Picha zenyewe, nyingine mpwa wangu alizipiga kwa mkono wake alipokuwa China, na zile za kitabu niliandika chini yake zimetoka wapi, wala hatukutoza kiingilio. Usichukue picha ya mtu ukaifanya yako. Sisi wenye vibanda tunajua inavyouma kukuta kazi yako kwenye duka la mwingine imebandikwa jina lisilo lako.

Usitumie selotepu ukutani, rangi ya ukuta itatoka nayo na mwalimu mkuu hatakuita tena. Gundisha picha kwenye kipande cha silingibodi, toboa matundu mawili juu, ning'iniza kwa uzi wa kuvulia samaki kutoka kwenye kenchi. Urefu wa kuning'iniza nao una maana. Askari nilimpandisha hadi ndara zake zikawa usawa wa macho ya mtoto wa kidato cha kwanza, kwa sababu kwao amesimama juu ya jukwaa na hakuna anayemwangalia uso kwa uso.

Ukubwa picha haiwezi kuuonyesha, kwa hiyo tumia uwanja. Mnara wa Beijing una urefu wa mita 37.94. Tulikata kamba ya urefu huo na kuilaza kwenye uwanja wa mpira kuanzia mstari wa goli. Haikufika katikati ya uwanja kwa hatua chache tu. Kisha nikamlaza kijana mmoja kwenye ncha ya kamba, wengine wakasimama mbali waone mtu alivyo mdogo chini ya mnara ule. Michongo inayouzunguka chini ina kimo cha mita 2, hiyo tuliichora kwa chaki kwenye ukuta wa ukumbi, na kila aliyeingia alikwenda kujipima nayo.

Taa ndiyo itakayokuangusha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoharibu.

Kazi kubwa ya wale wanne si sanamu za kuzunguka. Ni michongo ya ukutani, zile sanamu ambazo mgongo bado umeshikwa na jiwe: mtu wa mbele amejitokeza hadi bega, wa nyuma yake nusu, wa mwisho kabisa ni mstari tu kama kivuli. Kuna michongo mikubwa minane kuuzunguka mnara, ikianzia na Zeng Zhushao aliyechonga kuteketezwa kwa kasumba Humen mwaka 1839, na kumalizia na Liu Kaiqu mwenyewe, jeshi likivuka mto Yangtze mwaka 1949. Hua Tianyou alipewa maandamano ya tarehe 4 Mei 1919, Wang Linyi akapewa yale ya tarehe 30 Mei 1925. Watu wote ukiwahesabu wanafika kama 170, na michongo ikipangwa mstari mmoja inapita mita 40.

Mchongo wa namna hii unaishi kwa kivuli. Mwanga ukiupiga usoni moja kwa moja, unakufa, unakuwa kama chapati. Ukija kutoka ubavuni, kila pua inatupa kivuli chake, kila mkono unanyanyuka. Mara ya kwanza ukumbi wetu ulikuwa na madirisha pande zote mbili na mimi, kwa ujinga, nikafurahi kwamba kuna mwanga mwingi. Nilikuwa nimechonga mwenyewe nakala ndogo ya sehemu ya kazi ya Hua Tianyou kwenye ubao wa mjakaranda, wiki mbili nzima za kazi. Watu walipita mbele yake kama wanapita mbele ya mlango wa stoo.

Jioni umeme ukakatika. Mwalimu akawasha tochi ya simu atafute funguo zake, mwanga ukapita kando ya ule ubao, na mwanafunzi mmoja akapiga kelele: "Ticha, rudisha hapo!" Tukarudisha. Kijana aliyesimama juu ya kigoda akihutubia umati akatoka ubaoni kama ameitwa. Wasichana wanaogawa vipeperushi wakapata vidole. Siku nzima hakuna aliyekuwa amewaona.

Kwa hiyo fanya hivi. Ziba madirisha ya upande mmoja kwa mashuka mazito au maturubai. Acha wazi upande mmoja tu, na michongo uiweke kwenye ukuta ambao mwanga unaupita kwa ubavu, sio unaolitazama dirisha. Kwa kila mchongo weka taa moja, ya balbu ya kawaida kwenye ekstenshi, iwe kushoto au kulia na juu kidogo ya kichwa cha mtu, umbali wa hatua moja au mbili kutoka ukutani. Sogeza taa taratibu huku mwenzako amesimama mahali pa mtazamaji. Atakwambia mwenyewe "hapo hapo". Nami huacha tochi imefungwa kwa kamba pembeni ya ubao, kila mtu ajimulikie.

Picha ya mchongo haina ujanja huo, kivuli chake kilishapigwa siku ile ile ya kamera. Ndiyo maana nasema lazima kuwe na kitu kimoja halisi cha kumulika. Huna mchongaji? Chukua ubao wa futi mbili kwa moja na nusu, paka udongo wa mfinyanzi unene wa vidole viwili, kisha jenga watu watatu tu: wa mbele mnene, wa katikati nusu yake, wa nyuma mchore kwa kijiti. Mwanafunzi yeyote anaweza. Julai, Meru ikiwa imejifunika na baridi imekaa, udongo utakauka polepole bila shida. Januari utapasuka kesho yake, kwa hiyo ulaze na gunia bichi usiku.

Mwalimu wa historia mwite mapema, atakusaidia kuliko msanii. Mimi nilidhani maandamano ya 1919 ni mambo ya Wachina. Mwalimu akaeleza kwamba wanafunzi wa Beijing waliingia barabarani kwa sababu kule Versailles wakubwa waliamua haki za Wajerumani kule Shandong wapewe Wajapani badala ya kurudishiwa wenyewe. Kisha akawauliza watoto: ni mkataba gani ulioinyang'anya Ujerumani nchi yetu, tukawekwa chini ya Mwingereza? Ukumbi ukanyamaza. Ni ule ule. Mtoto aliyewahi kwenda pale Boma ya Mjerumani kwa ziara ya shule akaanza kuangalia kijana wa kwenye kigoda kwa jicho jingine.

Na ile kasumba ya Zeng Zhushao: watoto wetu wanaijua "kasumba ya kikoloni" tu, hawajui kwamba kasumba ni afyuni, kitu cha kuvuta. Tuliandika neno hilo kubwa chini ya picha, bila maelezo mengi. Lilitosha.

Andika nani alishika patasi

Kila maonyesho niliyowahi kuyaona yanaandika jina moja chini ya sanamu. Mimi nilikataa, na ukifuata ushauri wangu mmoja tu katika yote haya, fuata huu.

Sisi Wamakonde tunapunguza. Gogo linakuja, tezo inaondoa, patasi inaondoa, msasa unamalizia, na ukikosea pua hakuna kurudisha. Wale waliosoma Paris walifundishwa kuongeza: udongo juu ya nondo na waya, bonge juu ya bonge, ukikosea unabandua. Udongo ukikamilika unamwagiwa plasta, kinatoka kiolezo kigumu cheupe. Kutoka kwenye plasta ndipo kazi inakwenda ama kwa wayeyushaji shaba, ama kwa mafundi mawe. Fundi jiwe huweka alama juu ya plasta, hupima kina cha kila alama, na kuchimba jiwe hadi kina kile kile, alama baada ya alama, hadi umbo lote liwe limehama.

Michongo ya mnara wa Beijing ni marumaru nyeupe. Liu na wenzake walifinyanga, lakini waliokaa na patasi mbele ya jiwe walikuwa mafundi wa Quyang, wilaya ya mkoa wa Hebei ambayo watu wake wamekuwa wachonga mawe kwa vizazi na vizazi. Ujenzi ulianza 1952, mnara ukazinduliwa tarehe 1 Mei 1958. Miaka yote hiyo kuna mtu anakula vumbi la marumaru, na kwenye vitabu jina linalokuja kwanza ni la profesa.

Simlaumu profesa. Kabla ya kizazi chake, sanamu China zilikuwa za Buddha na za makaburini, kazi za mafundi ambao hakuna aliyejali kuwaandika, kama ambavyo hakuna aliyeandika jina la babu yangu kwenye mapiko (barakoa za ngoma) aliyochonga. Akina Liu ndio walioleta tabia ya mchongaji kuwa na jina. Ila jina moja likiingia mlangoni, mengine kumi yanabaki nje.

Kwa hiyo vibandiko vyangu vina mistari minne: aliyefinyanga, waliochonga au kuyeyusha, kimetengenezwa kwa kitu gani, mwaka. Pale ambapo mafundi hawajulikani mmoja mmoja naandika "mafundi mawe wa Quyang". Maandishi yawe makubwa, mtu asome akiwa amesimama hatua mbili, na yasizidi maneno hamsini. Usiandike "kazi hii inaakisi hisia za msanii". Andika kwamba askari kavaa ndara za majani.

Kando ya vibandiko hivyo niliweka meza na vitu vinne: bonge la udongo, kipande cha plasta, kipande cha marumaru nilichookota kwa mafundi wa makaburi, na gogo la mpingo lenye gamba lake jeupe bado. Juu yake: GUSA. Meza ile iliwavuta watu kuliko picha zote. Mpingo na marumaru wanavishika kwa mkono mmoja, wanashangaa uzito.

Niliongeza pia ujamaa mmoja wa kwangu, wa futi tatu, ule mtindo wa watu kupandana kwenye gogo moja, babu chini, wajukuu juu. Niliuweka karibu na picha ya kuvuka Yangtze. Umati wa Liu unakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, wote kwa mwelekeo mmoja. Umati wetu unapanda. Nilidhani hilo ataliona mchongaji tu, lakini yule mama wa vitumbua ndiye aliyelisema: "Wao wanakwenda mahali. Nyie mmebebana."

Meza ya udongo

Siku ya tatu iache iwe ya mikono. Kizazi kilichokuja baada ya akina Liu nacho kilifanya kazi kubwa ya udongo mwaka 1965, kule Dayi mkoani Sichuan: watu 114 wa udongo wa ukubwa wa binadamu, kwenye nyumba halisi ya mwenye ardhi, wakionyesha wakulima wanavyoleta kodi ya mazao. Hawakutumia shaba wala marumaru. Walitumia udongo na majani juu ya fremu ya mbao, njia ya mafundi wa kijijini wa sanamu za mahekalu, na macho wakayatia kioo. Nilipowasimulia watoto hilo, mmoja akasema, "Kama nyumba ya bibi." Ndivyo, udongo na nyasi juu ya fito. Ile picha ya Dayi ndiyo pekee niliyoiweka chini, karibu na sakafu, penye meza.

Udongo ununue kwa mfinyanzi, usichimbe wa bustanini, una mizizi na mawe. Kila mtoto apewe bonge la ukubwa wa embe. Kazi ni moja: finyanga kichwa cha mwenzako aliyekaa mbele yako, na kila baada ya dakika tano mwenye kufinyanga anahama kiti kwenda ubavuni, halafu mgongoni. Watalalamika mgongoni hakuna uso. Waambie ndio maana nimewahamisha.

Mambo mengine ni madogo. Wafungulie saa nne, sio saa mbili, maana asubuhi mwanga wa ukumbi wetu ulikuwa mbaya na watu wako sokoni. Weka wanafunzi wawili wa kuelekeza, uwafundishe maswali badala ya majibu. Mgeni rasmi mpe dakika tano, na umkabidhi tochi badala ya mkasi wa kukatia utepe. Wetu alianza kumulika ule mchongo akasahau hotuba yake mfukoni.

Ukimaliza, picha zibandue kwenye silingibodi polepole, uziviringishe upande wenye picha ukiwa nje na sio ndani, uzitie kwenye bomba la plastiki la maji lenye kipenyo cha nchi nne, uzibe ncha zote na nailoni. Zangu zimekaa hivyo juu ya kabati lile lile na hazijaota ukungu. Udongo usiutupe. Vunja vichwa vyote, loweka kwenye ndoo, funika na gunia, utakuwa tayari kwa darasa jingine. Wa kwangu nilibakiza kichwa kimoja tu bila kukivunja, cha msichana wa kidato cha tatu aliyefinyanga kisogo cha rafiki yake na mistari yote ya nywele zilizosukwa, kisha muda ukamwishia kabla ya kufika usoni.